Kasuku Wadogo Nyumbani: Mtunzaji Ajue Nini?

(Haya ni mazungumzo ya Bwana Mifugo mstaafu mbele ya wanakisomo na wanakijiji wenzao katika Wilaya ya Maswa. Tumeyaandika kama alivyosema.)

 

Mwenyekiti aliponitumia habari kwamba nije kuzungumza juu ya kasuku, nilicheka. Miaka zaidi ya 30 nimezungumza juu ya ng'ombe, mbuzi na kuku. Kasuku sijawahi kuulizwa. Lakini nilipoelezwa mambo yaliyotokea hapa, kicheko kiliisha.

Mambo yenyewe mnayajua. Mwezi uliopita ulikatwa mti mkavu kule bondeni kwa ajili ya kuni. Ndani ya shimo la mti ule walikuwamo makinda wanne wa kasuku wadogo. Watoto wakawagawana kama maembe. Siku ya tatu makinda wawili walikuwa wamekufa. Wawili waliobaki alichukua mama mmoja mwanakisomo, yule pale ameketi karibu na dirisha. Aliwalisha uji laini kwa kijiko, mchana kutwa, mpaka wakaota manyoya. Sasa wanakula wenyewe.

Mama huyu aliniuliza swali moja. Alisema, "Bwana Mifugo, hawa ndege nimewaokoa, lakini sijui kuwatunza. Nifanye nini wasife mikononi mwangu?"

Ndugu zangu, hilo ni swali la mtu mwenye akili. Wengi wetu hatuulizi. Tunamweka ndege ndani, tunampa mtama, tunasema tunampenda. Baadaye anakufa, nasi tunasema siku zake zilikuwa zimefika. Leo nataka tuelewane jambo moja: ndege wa nyumbani hufa kwa yale tusiyoyajua. Kumpenda hakutoshi.

NI NDEGE GANI HUYU?

Kasuku huyu mdogo, ambaye wengine humwita cherero, mnamjua wote. Mwili wake ni kijani, kichwa na shingo ni rangi ya machungwa, mdomo mwekundu, na jicho lina duara jeupe kama amevaa miwani. Urefu wake ni sentimeta 15 hivi. Uzito wake ni gramu 50 hivi, yaani hazidi sana yai moja la kuku. Wataalamu wamempa jina la Fischer, msafiri wa Kijerumani aliyepita nchi hizi katika miaka ya 1880.

Kwa asili yake ni ndege wa huku kwetu, Tanzania kaskazini. Yuko Serengeti, yuko Shinyanga, yuko Mwanza na hapa Simiyu. Anaye ndugu yake mwenye kichwa cheusi na shingo ya njano. Yule asili yake ni nchi ya kati, kama Dodoma na Iringa.

Ndege hawa hukaa makundi. Hutaga katika mashimo ya miti, mara nyingi mayai manne au matano, na mama huyaatamia kwa siku 23 hivi. Chakula chao ni mbegu za nyasi. Uwele na mtama vikikomaa huja shambani pia. Najua wapo hapa wanaowachukia kwa sababu hiyo, nami siwalaumu. Lakini leo tunazungumza juu ya ndege aliye ndani ya nyumba.

KWANZA, SHERIA

Watoto, sikilizeni vizuri hapa. Ndege wa porini si kuku. Kuku ni mali ya mwenye nyumba. Ndege wa porini ni mali ya nchi nzima. Ipo Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori, Namba 5 ya mwaka 2009. Kwa sheria hiyo huruhusiwi kumkamata mnyamapori, kumweka wala kumwuza bila kibali. Ndege naye amo. Usiseme, "Huyu ni mdogo tu." Sheria haipimi ukubwa.

Mtaniuliza, kwa nini serikali ijishughulishe na kindege cha gramu 50? Nitawaeleza, maana niliona kwa macho yangu.

Katika miaka ya 1980 walikuja watu kutoka mjini na nyavu. Vijana wa vijijini wakalipwa senti kidogo wawatege ndege hawa kwa nyavu na ulimbo. Walijazwa katika masanduku, wakasafirishwa ng'ambo kwa maelfu. Kasuku huyu wetu alikuwa miongoni mwa ndege wa porini waliouzwa sana duniani wakati ule. Wengi walikufa njiani kwa kiu, kwa joto na kwa kukanyagana. Hapa kwetu makundi yakapungua, mpaka sehemu nyingine ukikaa kutwa humsikii hata mmoja.

Baadaye milango ilifungwa. Marekani ilitunga sheria ya kuzuia ndege kama hawa mwaka 1992. Nchi za Umoja wa Ulaya zilizuia kuingiza ndege wa porini mwaka 2005, na mwaka 2007 wakaufanya uwe mwiko wa kudumu. Nchi yetu nayo ilisimamisha kupeleka nje wanyama hai mwaka 2016. Huko ng'ambo kasuku wadogo wanaofugwa leo wamezaliwa kizimbani, vizazi na vizazi. Hawahitaji tena kuja kumtoa kinda katika shimo la mti wa Maswa.

Kwa hiyo, tulipoongea na mama huyu, jambo la kwanza tulilofanya ni kwenda pamoja kwa Bwana Nyama wa wilaya. Mama alikuwa na hofu. Aliniambia njiani, "Wakinifunga je?" Nikamwambia, anayekwenda mwenyewe mchana kweupe kueleza shida yake hafanani na anayeficha. Bwana Nyama alitusikiliza, akaandika, akasema ndege wabaki kwa mama huyu mpaka atakapotoa uamuzi. Basi, mpaka siku hiyo ifike, lazima waishi. Ndiyo maana tuko hapa.

KOSA LANGU MWENYEWE

Kabla sijawafundisha, acheni niungame.

Mwaka 1986 nilikuwa kijana, nimeajiriwa karibuni. Nilinunua kasuku mmoja kutoka kwa mtegaji. Alikuwa mzuri sana. Nikamsukia kizimba kidogo cha fito, nikakitundika jikoni kwa sababu jikoni kuna joto na mke wangu yuko hapo kutwa. Nikawa nampa mtama peke yake, asubuhi na jioni. Nilijiona mtaalamu, maana nina cheti cha mifugo!

Mwezi wa kwanza alikuwa akiita kutwa. Mimi nikidhani anaimba. Kumbe alikuwa akiwaita wenzake. Mwezi wa pili akaanza kujing'oa manyoya ya kifuani mpaka ngozi ikaonekana. Mwezi wa tatu mgeni kutoka Bukoba alituletea maparachichi. Nikamkatia kasuku kipande, akala. Siku ile ile mke wangu alipika maharage kwa kuni mbichi, moshi ukajaa jikoni. Asubuhi nikamkuta ndege chini ya kizimba, miguu juu.

Mpaka leo sijui kilichomwua ni moshi au ni parachichi. Yote mawili yanaua. Wakati ule sikujua hata moja. Haya, sasa tuanze.

MAHALI PA KUKAA

Mama, usiwaweke ndege jikoni. Hilo ni la kwanza. Mapafu ya ndege hayafanani na yetu. Hewa huingia mpaka katika mifuko iliyoenea mwilini mwake. Kwa hiyo hewa mbaya humwua upesi kabla mtu hajaona chochote. Uingereza wachimbaji wa makaa ya mawe walikuwa wakishuka chini na ndege mdogo wa njano katika kizimba, mpaka miaka ya 1980. Ndege akianguka, watu hukimbia, maana wamejua hewa ina sumu. Moshi wa kuni, hewa ya mkaa, moshi wa sigara, dawa ya mbu ya kupuliza, vyote hivyo ni hatari kwake. Hata zile sufuria za kisasa zenye utando mweusi usiogandisha chakula, zikiungua hutoa hewa inayoua ndege katika muda mfupi.

Mweke sebuleni au barazani, mahali penye mwanga na hewa, lakini pasipo upepo mkali. Jua la asubuhi ni zuri. Jua la saa saba litamwua. Daima sehemu moja ya kizimba iwe na kivuli.

Kizimba kiwe kirefu kwenda pembeni kuliko kwenda juu, kwa sababu ndege huruka kwenda mbele, hapandi kama ngazi. Kwa ndege wawili, urefu usipungue sentimeta 80, upana 50 na kimo 50. Kikiwa kikubwa zaidi, ni bora zaidi. Wavu wa kuku haufai, una matundu makubwa. Ndege hupitisha kichwa akanyongwa. Nafasi kati ya waya na waya isizidi sentimeta moja na nusu. Na fito? Fito atazitafuna wiki moja tu akatoka.

Tena angalieni. Waya mpya unaong'aa una madini ya zinki juu yake. Kasuku hutafuna kila kitu, na zinki ni sumu kwake. Usugue waya kwa siki na brashi, usuuze kwa maji mengi, uuache ukauke, ndipo umtie ndege.

Weka vijiti vya kusimamia, vingine vinene, vingine vyembamba, ili miguu isichoke mahali pamoja. Matawi ya mpera yanafaa sana, nao hufurahi kuyabambua maganda. Usitumie mti wenye utomvu mkali kama mnyaa. Usipake rangi. Na usiweke kijiti juu ya chombo cha maji, maana kinyesi kitaanguka humo.

CHAKULA

Mtama peke yake hautoshi. Ni sawa na wewe kula ugali mtupu mwaka mzima. Utashiba, lakini mwili utadhoofu. Ndege anayelishwa mbegu tupu hukosa vitamini A na chokaa. Pua na macho huziba, manyoya hufifia, na jike hukwama na yai tumboni.

Sasa shikeni haya, na wenye madaftari waandike:

Kwanza, mbegu. Changanya uwele, ulezi na mtama, na mbegu za nyasi za porini zikipatikana. Kijiko kimoja kikubwa hadi viwili kwa ndege mmoja kwa siku vinatosha. Alizeti na karanga ni za kuonja tu, maana zina mafuta mengi, na ndege wa kizimbani haruki vya kutosha kuyachoma.

Pili, mboga na matunda. Mpe kila siku mchicha, majani ya maboga, karoti, boga la njano, papai, embe au pera. Osha kwanza, hasa kama mboga imepigwa dawa. Kilichobaki kitoe kabla ya jioni kisichache.

Tatu, chokaa. Chukua ganda la yai, lichemshe, likaushe, lisage, weka kidogo katika kisahani. Wenye ndugu pwani wanaweza kuletewa mfupa wa ngisi, ndege huung'ong'ona vizuri.

Nne, maji. Badilisha asubuhi na jioni, na chombo kioshwe. Mara mbili tatu kwa wiki mwekee maji katika sahani pana, kina cha kidole kimoja, aoge. Mtafurahi kumwona.

Na vitu vya mwiko ni hivi: parachichi, chokoleti, kahawa, pombe, vitunguu na vyakula vya chumvi. Msimpe pombe kwa mzaha. Nimeona wazee wakimpa ndege komoni ili wacheke. Ini la kiumbe cha gramu 50 lina ukubwa gani, jamani?

Mwiko mwingine ni nafaka na karanga zenye ukungu. Ukungu una sumu inayoitwa sumukuvu. Huharibu ini la ndege, na la kwako pia. Usiseme, "Hii imeoza kidogo, nitampa ndege."

ASIKAE PEKE YAKE

Ndege huyu huishi kwa kundi, na dume na jike wake hawaachani. Hulala wameegemeana na huchambuana manyoya. Ukimweka mmoja peke yake lazima wewe uwe mwenzake, saa nyingi kila siku. Mkulima ana saa nyingi wapi wakati wa palizi? Mama huyu amefanya vyema kuwaweka wawili pamoja. Lakini usichanganye na ndege wa aina nyingine. Hawa ni wagomvi. Mdomo wao huweza kukata kidole cha mguu cha ndege mwingine.

Mpe kazi pia. Kipande cha mti laini, kibunzi cha mahindi, suke la mtama lenye punje zake. Kasuku asiye na kazi hujing'oa manyoya, kama yule wangu.

Watoto, usimshike ndege kwa kumbana kifua. Yeye hupumua kwa kupanua kifua kizima. Ukimbana hapo hata kwa upendo, atakosa pumzi afe mkononi mwako. Ukihitaji kumshika, mfunike kwa kitambaa chepesi, shika kichwa taratibu kwa vidole, acha kifua huru.

Usiku afunikiwe kwa kitambaa, apate giza na utulivu saa 10 hadi 12. Angalia paka, panya na nyoka. Kizimba kisikae chini.

KUMTAZAMA KILA SIKU

Ndugu zangu, hapa ndipo penye kiini cha mambo.

Ng'ombe akiumwa utamwona. Mbuzi atalia. Ndege huficha ugonjwa wake. Porini, anayeonekana dhaifu ndiye huliwa na mwewe kwanza. Kwa hiyo hujikaza mpaka nguvu ziishe. Siku utakapoona waziwazi kwamba anaumwa, huenda ameumwa siku nyingi.

Dawa ya jambo hili ni macho yako. Kila asubuhi ukifunua kitambaa, simama dakika mbili umtazame. Je, amekula jana? Kinyesi chake ni kama cha siku zote, au kimebadilika rangi, kimekuwa majimaji? Amejitutumua manyoya kama mpira na kufumba macho mchana? Mkia unapanda na kushuka kila akipumua? Amekaa chini badala ya juu ya kijiti? Ukiona hata moja, usingoje kesho.

Mwenye mizani ndogo ya dukani ampime kila wiki, aandike. Hapa ndipo kisomo kinapofanya kazi. Jana gramu 50, wiki hii 47, wiki ijayo 44. Jicho halioni gramu 3, lakini daftari linaona. Mama huyu ameanza tayari. Ameniletea karatasi yenye tarehe na uzito, mwandiko wake mwenyewe. Miaka miwili iliyopita alikuwa akitia dole gumba. Mpigieni makofi!

Akiumwa, mtenge na mwenzake, mweke mahali pa joto, kama joto la kifaranga chini ya mama yake, karibu nyuzi 30. Maji yawe karibu. Kisha mwite Bwana Mifugo au daktari wa mifugo. Usimpe vidonge vya watu. Robo ya kidonge chako kwake ni gunia zima.

KUKU NA AFYA YETU

Kasuku huweza kupata kideri, na kukileta kwa kuku. Kuku wa jirani wakifa, naye huweza kukipata. Kwa hiyo usiwachanganye. Anayetoka bandani anawe mikono kabla ya kushika chombo cha kasuku. Na kuku wote wachanjwe kideri. Ipo chanjo ya tone moja katika jicho, iitwayo I-2, nayo huvumilia joto la huku kwetu. Rudieni kila miezi mitatu. Msiseme Bwana Mifugo ameacha kuku kwa ajili ya kasuku!

Upo pia ugonjwa wa ndege unaompata mtu, unaitwa homa ya kasuku. Vijidudu vyake viko katika kinyesi na vumbi la manyoya. Mtu akivuta vumbi hilo hupata homa, kichwa kuuma na kikohozi kikavu. Hutibika kwa dawa za hospitali, lakini daktari lazima ajue. Ukienda zahanati na homa, sema, "Nafuga ndege." Usiogope kuchekwa. Wakati wa kusafisha kizimba, lowanisha kinyesi kwanza kwa maji ndipo ufagie, na ufunge kitambaa puani. Badilisha karatasi ya chini kila siku. Osha kizimba kizima kila wiki kwa maji moto na sabuni. Msiwabusu ndege, wala msiwape chakula kutoka mdomoni.

KWA NINI TUSIWAACHIE TU?

Jana mzee mmoja aliniuliza, "Kwa nini msifungue mlango waende zao?" Ni swali zuri.

Ndege aliyelelewa na mtu hajui mwewe wala kisima. Atafika kwenye mkono wa mtoto wa kwanza mwenye manati, akidhani anapewa uwele. Tena huenda akapeleka ugonjwa kwa wale wa porini.

Na kuna jambo jingine. Kule Kenya, Naivasha, waliachiwa kasuku wadogo wa aina mbili, wa kwetu huyu na yule ndugu yake mwenye kichwa cheusi. Wakazaana. Leo kuna makundi ya machotara, si huyu wala si yule. Ndiyo sababu kuachia ndege si kazi ya mtu mmoja kuamua nyumbani kwake. Bwana Nyama ndiye anayejua ni nani aachiwe, wapi, na lini.

MANENO YA MWISHO

Kasuku mdogo akitunzwa vizuri huweza kuishi miaka 10 hadi 15. Hesabuni. Mtoto wa darasa la kwanza anayesema leo, "Baba, naomba ndege," atakuwa mtu mzima ndege bado yuko. Nani atabadilisha maji miaka yote hiyo?

Kwa hiyo nasema hivi. Ndege aliye mtini, mwache mtini. Ukitaka kumwona, mwekee maji katika sahani pembeni mwa ua wakati wa kiangazi, ukae kimya. Watakuja wenyewe, kundi zima, na hutahitaji kibali. Mti mkavu wenye mashimo, kabla hujaukata, piga shina kwa kijiti usikilize. Kukiwa na makinda, ngoja mwezi mmoja na nusu, wataruka. Kuni hazikimbii.

Na aliyekwisha kuingia nyumbani, kama hawa wawili, ni mzigo wetu sasa. Mama huyu ameubeba peke yake mwezi mzima. Mafundi mlioko hapa, kizimba chake bado ni kile cha fito, nami nimeona kona moja imeshatafunwa. Nataka nijue leo nani atatoa mbao, nani atatoa waya.

(Hapo fundi seremala alinyosha mkono. Baadaye mwalimu wa kisomo naye akanyosha.)

 Tusonge mbele na kisomo. Nimemaliza.

MASWALI YA KUJADILIANA DARASANI

1. Kwa nini kizimba cha ndege kisiwekwe jikoni?
2. Taja vyakula vitatu ambavyo ni mwiko kwa kasuku.
3. Ndege huficha ugonjwa wake. Mtunzaji atautambua kwa njia gani?
4. Ukikuta makinda katika shimo la mti unaotaka kuukata, utafanya nini?